Tundu Mwishoni mwa Mstari

Kupitia dari yangu nilisikia kila mstari ukizaliwa. Kwanza kimya, kile kimya cha mtu aliyebana pumzi. Kisha uzi: tap, sauti kavu kama kofi la pajani. Mstari ukiwa mzuri, hatua za Tsuguo Hamasaki zilielekea dirishani na harufu ya sigara yake ikashuka mpaka uani. Ukiwa mbaya, kilifuata kishindo kizito, mwili wa mkewe ukienda sakafuni.

Tulikaa nyumba moja huko Düsseldorf, mtaa wa Oberbilk, nyuma ya reli. Wao walikuwa juu kabisa, penye paa la vioo, sisi chini yao. Mimi na mkewe, Kiyono, tulitoka Japani mwaka mmoja, yeye akimfuata mume mchoraji, mimi nikimfuata Mjerumani wangu anayeendesha meli za mizigo kwenye mto Rhine, mtu wa kurudi nyumbani mara moja moja. Wanawake wa kwetu tukishazaa hatuitani tena majina. Yeye alikuwa Mama Nanae, mimi Mama Riku. Riku wangu alikuwa bado wa kubebwa. Nanae alikuwa hajaanza shule, ila alijua kuhesabu ngazi kwa Kijapani akipanda na kwa Kijerumani akishuka.

Picha za Tsuguo zilikuwa hivi: turubai nyeupe ndefu kupita mtu, na juu yake mstari mmoja mweusi, kutoka ukingo hadi ukingo, mwembamba kuliko njiti ya kiberiti. Basi. Ukisogea karibu unaona vitone vidogo vya wino kando ya mstari, kama vile mtu alipumua pale. Watu walisimama mbele yake wakinong'ona kama wamo kanisani. Mimi mwenyewe nilisimama mara moja nikatokwa na machozi, kisha nikakumbuka nilichokisikia usiku wa mstari ule na machozi yakakauka yenyewe.

Mstari haukuchorwa kwa brashi. Ulipigwa. Tsuguo alikuwa na kibweta cha wino cha seremala, alichorithi kwa baba yake, gogo dogo la mti mgumu lililochongwa, lenye shimo la pamba iliyolowa wino na gurudumu la uzi wa hariri. Uzi unavutwa kupita kwenye pamba, unatoka mweusi, unakazwa juu ya kitu, unainuliwa kwa vidole viwili, unaachiwa. Kila seremala wa kwetu hupiga mstari hivyo juu ya ubao, tena peke yake, maana mwisho wa uzi una sindano yenye kichwa cha mti. Anaichoma ubaoni, anakwenda zake upande wa pili, anapiga.

Tsuguo hakutaka sindano. Sindano inaacha tundu. Tundu, alisema, ni la seremala, na yeye alivuka bahari asiwe seremala. Baba yake alikuwa akimtandika kwa rula ya chuma, na mgongo wake ulikuwa bado na alama. Kwa hiyo sindano ilining'inia tu mwishoni mwa uzi, haina kazi, na kazi yake ikafanywa na kidole gumba cha Kiyono. Turubai ililazwa juu ya mbao sakafuni. Kiyono alipiga magoti upande mmoja akaubana uzi kwa gumba, Tsuguo akapiga magoti upande wa pili. Gumba likitikisika hata kidogo, mstari unapata pacha, kivuli cha kijivu ubavuni mwake, na turubai yenye mstari pacha haina tena kazi.

Magazeti yaliandika kwamba Hamasaki hufanya kazi peke yake, amejifungia kama mtawa. Kujifungia kulikuwa kweli. Kabla ya kila mstari alifunga mlango kwa ufunguo, na ufunguo ukakaa shingoni mwake kwenye kamba ya ngozi. Peke yake, hapana.

Niliwahi kuita polisi. Walipanda wawili, Tsuguo akawapa chai, akawaonyesha picha, Kiyono akasema aliteleza kwenye sabuni. Waliposhuka walikuwa wanazungumza juu ya picha. Kesho yake nilimwambia Kiyono aje akae kwangu, yeye na mtoto, tutabanana tu. Alikuwa akimenya viazi, jicho moja limefumba. Alisema mumewe hajawahi kumgusa Nanae, hata kwa ncha ya kidole. "Akinipiga mimi, nimepigwa mimi," alisema. "Siku atakayomgusa mtoto, Mama Riku, sitakuja kwako kuomba ushauri."

Basi baada ya mwaka mpya makumbusho ya jiji yakampa Tsuguo ukumbi mzima kwa ajili ya majira ya kuchipua. Msimamizi wake, Bi Lohmann, mama mrefu wa miwani, alipanda ngazi zetu akihema, akachagua picha, akaagiza moja kubwa zaidi ya zote kwa ukuta wa mwisho. Tsuguo aliipaka turubai ile nyeupe juu ya nyeupe, akaisugua mpaka ikawa laini kama ganda la yai. Siku ya mstari nilisikia kimya, nikasikia uzi, halafu sikusikia kishindo. Nilisikia kitu kikivunjika, kidogo, kama mtu amekanyaga kijiti.

Mstari ulikuwa umepata pacha. Tsuguo alilishika gumba la mkewe, akalilaza juu ya ubao, akaliponda kwa kibweta cha wino.

Hospitalini Kiyono alisema ni mlango wa gari. Akarudi na mkono uliofungwa bandeji nene hadi kwenye kiwiko, na ile bandeji ikawa ndiyo shida, kwa sababu turubai mpya ilikuwa tayari inakauka na hapakuwa na gumba la kushika uzi.

"Tumia sindano," alimwambia mumewe. Tundu lenyewe litakuwa pembeni kabisa, dogo kuliko punje ya ufuta, nani ataliona? Tsuguo alimtemea mate usoni, akatafakari kwa siku kadhaa, kisha akamwita Nanae.

Mimi niligundua ngazini. Nanae alinionyesha gumba lake, jeusi tii, kwa fahari ya mtoto aliyepewa kazi ya mkubwa. Baba anamfundisha, alisema. Ukishika bila kucheza unapewa peremende. Ukicheza hupewi.

"Na ukicheza tena?" nikamuuliza.

Akafikiri. "Sijui. Bado sijacheza tena."

Kiyono alishuka kwangu mchana ule na mfuko wa nguo za mtoto, akausukuma chini ya kitanda changu bila kuketi. Uso wake ulikuwa umetulia kwa namna iliyonitisha. Alisema amembembeleza mumewe, amepiga magoti, amemwambia atashika uzi kwa meno yake mwenyewe. Mume amecheka. Mstari utapigwa Jumatatu ya Karnivali, siku ambayo jiji zima liko barabarani na hakuna atakayegonga mlango. Mtoto hatoki machoni pake hata kwenda chooni.

"Jumatatu ukisikia uzi," alisema, "usingoje kusikia kingine. Panda."

Jumatatu ikafika na ngoma zake. Tangu asubuhi mtaa ulijaa watu wenye pua za mpira na nyuso za rangi, wanywaji wameshikana mabega, watoto na mifuko yao wakisubiri magari ya maandamano yapite yakirusha peremende. Nilimfunga Riku mgongoni. Nilichukua sepetu ya makaa kando ya jiko. Nilikaa kwenye kiti katikati ya chumba nikaangalia dari, na nje walikuwa wanaimba.

Kimya cha juu nilikisikia hata ndani ya kelele zile. Kisha uzi.

Nilipanda. Mlango ulikuwa umefungwa. Yaliyotokea ndani Kiyono alinisimulia baadaye, mengine Nanae, kidogo kidogo, kila mmoja akiwa mbali na mwenzake.

Nanae alishika uzi vizuri, kwa magumba mawili, ulimi umetoka nje. Baba yake aliinua uzi. Wakati huohuo barabarani fataki ikalia. Mtoto alishtuka, kama mtu yeyote angeshtuka, na uzi ukaanguka na mstari ukapata pacha.

Tsuguo aliuangalia muda mrefu.  Alizunguka turubai akiwa na kibweta mkononi, akachuchumaa mbele ya binti yake, akasema, "Lete mkono."

Na Nanae akautoa. Ndivyo Kiyono anavyosema: aliutoa, kwa adabu, kama anavyoutoa kukatwa kucha.

Kiyono akajirusha katikati. Kibweta kikampata mdomoni, jino likavunjika na lingine likang'oka, akaanguka chali juu ya turubai nyeupe, wino ukammwagikia usoni. Alijaribu kuinuka, mumewe akampiga teke la mbavu, akajaribu tena, akapigwa la shingo. Mimi nje nilikuwa nikiupasua mlango kwa sepetu, vipande vya rangi vinaruka, Riku analia mgongoni, mlango wa mti wa zamani haujali. Ndani Tsuguo alikuwa amemshika Nanae kiganja, amekilaza juu ya turubai, amekibana kwa mkono wake wa kushoto ili kisicheze, na ule wa kulia unapanda na kibweta.

Uzi ulikuwa bado umetandazwa mahali ulipoangukia. Mwishoni mwake, karibu na uso wa Kiyono, ilikuwepo sindano.

Aliishika kwa mkono mzima akaidunga kwenye mkono wa mumewe wa kushoto, pale penye nyama kati ya gumba na kidole cha pili. Kisha akaupiga ule mkono wake wa bandeji juu ya kichwa cha sindano kama nyundo, pamoja na mfupa wake uliovunjika, mara ya kwanza na ya pili, mpaka sindano ikapita nyama, ikapita turubai, ikazama ubaoni. Sauti aliyoitoa Tsuguo niliisikia kupita ngoma zote za jiji.

Nanae akachomoka.

Mtu mwingine angeung'oa mkono mara moja. Tsuguo kwanza aliangalia chini. Damu ilikuwa inaizunguka sindano na kunywewa na turubai, na yeye aliliangalia tundu, Kiyono anasema, kama mtu aliyeona baba yake akiingia mlangoni. Haikuwa hata pumzi nzima, lakini ilimtosha mkewe kuishika ile kamba ya ngozi shingoni na kuivuta kwa uzito wake wote. Mume akamkamata nywele kwa mkono uliobaki huru. Kiyono akamng'ata. Akazidi kuvuta, uso wa mumewe ukawa mwekundu kisha wa buluu, kamba ikakatika na ufunguo ukabaki mkononi mwake.

Mlango ulifunguka nikiwa nimeinua sepetu, nusura nimpige Kiyono. Alitokea akimsukuma Nanae mbele, uso mweusi kwa wino na kidevu chekundu, na nyuma yake nilimwona Tsuguo akiung'oa mkono wake ubaoni. Nikawaambia kimbieni, mimi nikabaki kwenye ngazi. Alipofika nilimpiga sepetu ya goti. Alinisukuma ukutani. Niligeuka ili bega langu ndilo lipige ukuta na si mwanangu, na bega hilo mpaka leo halipandi vizuri mvua ikikaribia. Akanipita akichechemea, matone ya damu yakimfuata ngazi kwa ngazi.

Barabarani ndiko kulikokuwa na jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelifikiria. Kiyono alitoka mlangoni na uso ule, anashika mbavu, amemshika mtoto mwenye mikono myeusi, na watu wakampigia makofi. Walidhani amejipamba. Mtu mwenye pua nyekundu alimwinamia akampa andazi la jamu. Wanawake waliovaa kama paka walimwita malkia. Alifungua mdomo kuomba msaada, damu ikamtoka, wakapiga kelele za furaha, "Helau," wakainua bilauri zao. Gari la maandamano lilikuwa linapita na peremende zikanyesha juu yao kama mvua.

Watoto wote wa mtaa walikuwa chini, wanagombea peremende kati ya miguu ya watu. Nanae peke yake alisimama wima. Zilimwangukia kichwani, zilimwangukia begani, hakuinama.

Hilo ndilo lililomshtua Pütz. Huyu alikuwa mwenye bucha ya kona, jitu la mtu, siku hiyo kavaa nguo za mtawa wa kike, shela kichwani na rangi ya mdomo imevuka mpaka. Alichuchumaa mbele ya Nanae na gauni lake.

"Wewe kipusa, mbona huokoti? Wenzako watamaliza."

"Baba anataka mkono wangu," Nanae akasema.

Pütz alimtazama Kiyono mdomoni, safari hii vizuri. Nyuma yao Tsuguo alikuwa amefika. Alimkamata mkewe nywele, akamvuta chini kwenye mawe ya barabara, akaanza kumkanyaga, na umati, Mungu awasamehe, bado ulikuwa unacheka. Mtawa akasimama. Alimpiga Tsuguo ngumi moja ya taya, na nyingine ya tumbo alipokuwa anaanguka, akamgeuza kifudifudi, akamkalia mgongoni na shela lake likiwa limemfunika macho. Wakampigia makofi na yeye. Ilibidi Pütz atukane kwa sauti, matusi ya buchani ya kutaja viungo vyote, ndipo makofi yakaanza kukatika moja moja, na mtu akakimbia kutafuta polisi wa kweli, maana waliokuwepo karibu walikuwa wa kujipamba.

Hakimu alimfunga Tsuguo, na alipotoka alirudi kwao. Amekatazwa kumwandikia mtoto. Mkono wake wa kushoto, nasikia, haukunjiki vizuri.

Bi Lohmann alikuja kuuliza habari za ukuta wa mwisho. Alipoiona turubai ile, mstari na pacha wake, wino na damu, na tundu la sindano, alikaa kwenye ngazi akalia kwa dhati, halafu akauliza kama inaweza kutundikwa hivyo hivyo. Ilikuwa na nguvu, alisema, ambayo hajawahi kuiona. Kiyono alimsikiliza mpaka mwisho. Meno yalikuwa bado hayajatengenezwa na aliongea kwa kiganja mdomoni.

"Hiyo si picha, Bi Lohmann. Hiyo ni siku nilipopigwa."

Akaenda jikoni akachukua kisu cha samaki. Aliikata turubai mbele ya yule mama, kwa mkono mmoja, vipande virefu, akikata akipumzika, akikata tena, na mimi nikavishusha uani kwa ndoo tukavichoma. Rangi ilitoa moshi mbaya na Pütz alifungua dirisha lake kutuuliza kama tunataka kumwua.

Gumba la Kiyono liliunga likiwa limepinda. Halibani kitu tena. Kibweta kilikaa juu ya kabati majira yote ya kuchipua na yote ya joto. Halafu vuli moja alimwomba mume wangu amshushie mbao kutoka kwenye meli, akapaka turubai nyeupe juu ya nyeupe, kama alivyoona ikipakwa miaka yote akiwa amepiga magoti. Mlango aliuacha wazi na kuuwekea kiatu usijifunge. Nanae alikaa kwenye kiti kwa mbali, na kikombe cha supu na mkate. Mama yake alikuwa amemwambia achague, ndani au nje, kushika au kutoshika. Alichagua kula.

Kiyono alichoma sindano mwishoni mwa turubai, akazunguka upande wa pili, akapiga.

Bi Lohmann aliichukua ile picha, akaitundika kwenye ukumbi mdogo, jina la Kiyono pembeni. Kwanza alisema kwa upole kwamba mafundi wake wanaweza kuliziba lile tundu, halitajulikana.  Kiyono aliweka gumba lake lililopinda juu ya tundu, likafunika sawasawa.

"Mimi nilikuwa hapa," alisema. Halikuzibwa.

Anaendelea kupiga. Jana nilikuwa nikimlaza Riku, nikasikia kile kimya juu yangu na mikono yangu ikasimama hewani, maana mwili haujui kwamba mambo yamekwisha. Kisha uzi: tap. Nikangoja. Kikaja kishindo, kizito, dari ikatikisika, na kabla sijafika mlangoni kikafuata kingine, na cha tatu, na sauti ya Kiyono ikimwambia Nanae kwamba kiti hicho kitavunjika, ashuke kama watu wanavyoshuka, na sauti ya Nanae ikisema mara ya mwisho, mama, mara moja tu, na kisha akaruka tena.